Jani la Sale kwa Hanna

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko mlimani? Kahawa imeanza kuiva? Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia. Naandika kwa sababu nikimpigia simu Dada wa Kijenge akufikishie habari zangu, huweka sauti kubwa, majirani wakazijua kabla yako.

Kazi yangu huku Ujerumani nilikueleza: tunarusha chembe, kila moja ni pacha wawili walioshikana. Zikigonga kiini cha atomu, pacha mmoja hubaki ndani, mwingine huruka kushoto au kulia, na mashine mbili zinahesabu. Kabla ya kuzirusha tunazipanga zizunguke upande mmoja, kama pia wanazochezea watoto.

Basi, wengi wakatoka kushoto. Wenzangu wakashangilia. Mimi nikamtazama Hanna, aliyefunga zile mashine. Nilikuwa nimemkuta ameinama peke yake kwenye ile ya kushoto, na aliponiona akainuka haraka. Unanijua, nimekurithi wewe unayenusa hata maziwa ya ng'ombe wako mwenyewe. Nikadhani ameisogeza karibu ili ihesabu wengi. Jina langu limo kwenye kazi hiyo. Ikiwa ya uongo, shahada yangu imekwenda na maji. Nikamshutumu mbele ya wote.

Profesa hakugomba. "Geuzeni mzunguko," akasema. "Kama ni mashine, kushoto kutaongoza tena."

Tukageuza. Wengi wakatoka kulia. Hanna hakuwa na kosa lolote. Alichukua kikombe chake akatoka, na siku nyingi hakunisemesha. Niliumia, Mama. Ndiye pekee huku aliyekuwa akinisubiri tule pamoja.

Nyumbani ningechuma jani la sale pale mpakani kwa Baba Mkubwa, nikampelekea kuomba msamaha, yakaisha. Nani anakataa sale? Huku nimelikuta dukani, limepandwa kwenye chungu, wanauza kama ua la sebuleni! Nikamnunulia. Akacheka, "Zuri, asante," akaliweka dirishani. Maana yake sikumwambia, nilishikwa na aibu. Sasa analimwagilia kila asubuhi, na chakula tunakula pamoja. Lakini droo ya meza yake, ambayo zamani aliniachia wazi, siku hizi anaifunga kwa ufunguo.

Nisalimie Baba Mkubwa na mkewe. Dada mwambie apunguze sauti. Na Bibi umuulize mkiwa wawili tu: mtu akipokea sale bila kujua ni nini, amesamehe?

Mwanao anayekuwaza,
Anaeli