Mkeka wa Bhoke

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Ngozi ya mbuzi bado ngumu. Nimeikwangua tangu asubuhi kwa kipande cha chupa, nikaipaka samli, nikaifikicha kwa mikono miwili mpaka vidole vikafa ganzi. Upande wa shingo bado unakwaruza. Ngozi ya namna hiyo huwezi kumlazia mtoto. Kesho tena.

Bhoke kapita mbele yangu mara tatu na tumbo lake la miezi saba. Hakuuliza kama nimechoka. Kaketi kivulini akatafuna muhogo mbichi, maganda kayatupa hapo hapo nilipokwisha fagia. Simpendi. Naandika hivyo kwa sababu daftari ni langu na mwalimu wa kisomo aliahidi hatalisoma. Alisema tuandike walau mistari miwili kila mara, mkono usije ukasahau. Basi mistari yangu ndiyo hiyo. Simpendi, na mtoto aliye tumboni mwake namtaka.

Nilimwoa mwenyewe, kwa ng'ombe alioniachia marehemu mume wangu. Desturi yetu inamruhusu mwanamke ambaye hakuzaa. Unaoa msichana, msichana anazaa, mtoto ni wa nyumba yako. Mwanamume aliyempa mimba hana neno. Mtoto akitoka tumboni anapokelewa kwenye ngozi ya nyumba yako, na ngozi ikishampokea hakuna wa kubisha. Ndiyo maana naikwangua mimi, simwachii mtu.

Alhamisi, 8 Agosti

Kisomo. Wanawake wameziona kamba za katani nilizobeba, wakaniuliza za nini. Kitanda cha mtoto. Wakatazamana. Kumwandalia mtoto vitu kabla hajaja ni kuita msiba, wanasema. Nimewajibu kwamba misiba yote ninayoijua mimi haikungoja kuitwa. Wakarudi kwenye madaftari yao. Vizuri.

Muuguzi wa zahanati naye anataka wembe mpya, beseni na vitambaa safi. Nimechana kanga yangu nzuri, nimeikunja pindo na kuishona kwa mkono. Mshono umepinda. Kibuyu cha maziwa kiko tayari, nimekifukiza moshi. Bhoke alikinusa akasema kinanuka. Kibuyu kizuri kinanuka moshi, sasa kinuke nini? Uvivu wa kwao Bunda huo.

Jumapili, 18 Agosti

Mkutano chini ya jua kali. Serikali inataka tuhame wote hapa Buswahili, tunakokaa mji mmoja mmoja, kila nyumba na shamba lake, twende kijiji kipya kando ya barabara, kabla ya mvua. Nyumba kwa mistari. Kila mtu kiwanja sawa na mwenzake. Mji wangu unabaki kuwa pori, na kaburi la mume wangu ndani yake.

Wambura alikuwepo. Mdogo wake marehemu. Tangu siku ya matanga alikuwa anautazama mji ule kama fisi anavyotazama zizi, na mimi nilimwoa Bhoke ili nimzibie njia. Mtoto akizaliwa, mji una mwenyewe. Leo mji hauna mwenyewe, si yeye wala mimi. Alipaswa kununa. Badala yake kanijia anacheka, mbele ya watu.

"Shemeji, shamba ndiyo limeenda hilo. Umebaki na msichana wa watu na tumbo la watu. Asiye na mwana na aeleke jiwe."

Watu walicheka kidogo, wengine wakatazama chini. Nilitafuta jibu njia nzima mpaka ugali ukaungua.

Halafu nikajiuliza. Kama mji umekwenda, mtoto wa nini tena? Nilidhani namtaka kwa ajili ya mji. Mji haupo na bado namtaka. Namtaka zaidi. Hili sitamwambia mtu.

Jumanne, 27 Agosti

Tumehama. Nyumba tumeibomoa kwa mikono yetu, nguzo na milango tumebeba kichwani. Mgongo hauna maana tena.

Kijiji kipya ni balaa. Jirani akikohoa nasikia mimi. Mke wa balozi ananiona nikichambua mchicha, ananiona nikienda chooni. Kule kwangu ningeweza kumtukana mbuzi siku nzima, asisikie mtu.

Bhoke kakanyaga udongo wa kukandika kuta, tumbo mbele, anaimba. Nimemkataza. Kaendelea. Chumba chake kimekwisha kabla ya changu, nimekikandika mimi. Kina mlango wake mwenyewe unaotazama mashariki, mtoto apate jua la asubuhi. Asante hakusema.

Ijumaa, 6 Septemba

Magesa kaja. Ndiye mwanamume mwenyewe. Nilikubali awe yeye kwa sababu anakaa kisiwani Rukuba kwenye kambi za wavuvi, na kule hata msafara wa harusi haufiki. Nilidhani ziwa litamzuia. Halikumzuia.

Kaleta samaki waliokaushwa, na bembea ya mtoto. Kaisuka mwenyewe kwa uzi wa nyavu, fundo moja moja, ya kuning'iniza darini. Nasema kweli, ni kazi safi. Kitanda changu kando yake kinaonekana kama kichanja cha kuku. Nimeichukia palepale.

Nimeirusha barabarani na samaki wake. Kaokota vyote polepole, akapangusa vumbi. Akasema ni kitu cha mtoto tu, yeye hadai neno. Wote huanza hivyo. Leo bembea, kesho anataka kumshika, keshokutwa anamwita mwanangu.

Jumamosi, 7 Septemba

Bhoke hasemi nami. Nafuu. Nyumba ina utulivu.

Jumapili, 15 Septemba

Ngozi imekwisha. Laini. Nimeiweka shavuni.

Jumatano, 18 Septemba

Nimefanya jambo leo na sijutii.

Nilikuwa nafagia chumba chake. Nikauinua mkeka, chini yake sweta. Ndogo, uzi wa bluu, mikono imekwisha, imebaki shingo. Uzi wa bluu unatoka Musoma mjini, dukani, na mimi sikuununua. Kwa hiyo Magesa. Kwa hiyo wanaonana. Kwa hiyo siku yoyote Bhoke atavuka naye kwenda Rukuba, mtoto akiwa amevaa bluu, nami nibaki na ngozi yangu.

Nikaukokota mkeka mpaka nje nikautupa uani. Nikasimama pale pale, nikashika uzi mahali ulipofungwa nikauvuta. Sweta inafumuka haraka mno. Wiki tatu za mkono wa mtu zilikwisha kabla maji ya ugali hayajachemka. Bhoke alikuja akasimama. Hakulia. Mke wa balozi alikuwa kwake mlangoni na mwiko mkononi, na wa nyumba ya pili, na wa nyumba ya tatu. Mstari mzima ulikuwa unatazama. Niliwaacha watazame.

Alhamisi, 19 Septemba

Kaondoka. Hakuchukua hata kanga ya pili.

Jumapili, 22 Septemba

Nilipanda lori la pamba mpaka Bunda, nikatembea hadi Nyasura kwa mama yake. Nilikwenda kumfuata mke wangu kama mtu anayefuata mbuzi aliyekata kamba. Nilibeba na ngozi.

Mama yake alisimama mlangoni, hakunipa hata kigoda. Nikamwambia amtoe Bhoke, siku zake zimekaribia, mtoto azaliwe kwake. Akasema kwake ni hapo sasa, kwa kuwa nimemwacha. Nikamwuliza nimemwacha lini.

"Mume akitupa mkeka wa mke nje, watu wakaona, ameacha. Wewe hilo hukulijuaga?"

Nilimwambia mimi si mume.

"Ng'ombe alitoa nani?"

Nimekaa ndani ya lori la kurudi na sentensi ile haitoki kichwani. Sheria ya mkeka naijua tangu utoto. Nimeona wanaume wakiutupa na nimeona shangazi zangu wakirudi kwao kwa ajili hiyo. Nilijihesabu kuwa mama mkwe wa Bhoke. Nilimsimanga kama mkwe, nikamtuma kama mkwe. Haikunijia hata mara moja kwamba mume wa nyumba ile ni mimi. Na kule kwenye mji wetu wa zamani ningeutupa mara kumi asione mtu.

Uzi wa bluu, mama yake alimtumia. Alinirushia hilo nilipokwisha geuka.

Jumatano, 25 Septemba

Mume akitaka kurudiana, mkeka unarudishwa na mwanamume wa ukoo wake. Yeye ndiye anayeubeba, yeye ndiye anayesema maneno. Ukoo wa mume wangu una mwanamume mmoja tu aliyebaki huku.

Nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi la Wambura nikamweleza yote, huku mkewe akisikiliza na kufurahi. Atanibebea mkeka, alisema. Lakini mtoto alelewe kwake na aitwe mtoto wake.

Nikasimama. Nilitema mate chini. Nilitaka kumtemea usoni.

Ijumaa, 27 Septemba

Mvua ya kwanza. Paa linavuja juu ya kitanda cha mtoto, mahali pengine pote ni pakavu. Nimepanda mwenyewe kuongeza nyasi. Mke wa balozi kaniambia nitavunjika. Nimemwambia atapata cha kutazama.

Nimevikunja vitambaa. Nimevikunjua. Nimevikunja tena. Namchukia kila mtu kijijini, na mimi nimo kwenye orodha.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimeubeba mkeka mwenyewe. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo, na sasa yupo.

Pale Bunda watu walidhani nimeachwa mara tu waliponiona nao kichwani peke yangu. Kikundi cha wanawake kilinifuata mpaka karibu na Nyasura, kinacheka. Bibi kaachwa na nani? Bibi anarudishwa kwao uzeeni. Nilitembea. Ningekuwa na fimbo ningewachapa.

Nimechelewa. Mtoto alizaliwa juzi. Msichana. Alipokelewa kwenye kanga ya mama yake Bhoke, sakafuni. Mzima, ana nywele nyingi. Ngozi yangu ilikuwa mkobani na haina kazi tena. Kwa desturi sina dai lolote kwake, na mama yake Bhoke alihakikisha nimesikia.

Bhoke alikuwa ameketi anamnyonyesha. Nikauweka mkeka miguuni pake. Hapo ndipo mwanamume wa ukoo husema maneno, marefu, yenye mafumbo, na mume hukaa pembeni ametazama chini. Sikuwa na wa kunisemea. Nilisema nimekosa. Neno moja, na lilinichukua muda kuliko kuhamisha nyumba. Halafu nikaongeza ambalo sikupanga. Nilisema mji umekwenda, ngozi imekwenda, na mimi bado namtaka mtoto, na kama yeye Bhoke hataki basi niambiwe niende.

Alimhamishia mtoto titi la pili kwanza. Hakuwa na haraka hata kidogo.

"Sirudi eti nakupenda, mama. Hapa tunalalaga sita chumba kimoja. Kwako nina mlango wangu. Lakini Magesa akija atakula ndani, kama mgeni. Na mtoto akikua akiuliza baba yake nani, ataambiwa."

Lilinichoma. Hilo la mwisho ndilo nililolikimbia tangu mwanzo. Mtoto wa nyumba yangu, na baba ana jina na ana mtumbwi. Mama yake Bhoke alikuwa ananitazama, anangoja nilipuke.

Nilikubali. Sikukubali kwa moyo mweupe. Nilikubali kama mtu anavyomeza kwinini.

Jumatatu, 21 Oktoba

Bhoke na mtoto wamefika jana, kwa lori. Mke wa balozi alisimama mlangoni, safari hii bila mwiko.

Bhoke analala na mtoto chumbani kwake, mlango umefungwa. Ananisalimia asubuhi, ananijibu nikimwuliza, basi. Mtoto akilia naamka nasimama nyuma ya ukuta niliokandika mwenyewe. Siingii. Sijaitwa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Magesa kaja. Kala ndani. Nimempa mkia wa samaki. Kashukuru kama amepewa kichwa, mjinga yule. Alimshika mtoto kidogo, akamrudisha kwa mama yake, akaenda. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi zaidi ya hayo. Nimebaki na hasira isiyo na pa kwenda, nikailimia shambani mpaka jioni.

Wambura alipita barabarani. Hakusalimu.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua imepumzika. Nimepalilia mahindi mistari minne. Kuku mmoja kaanza kutaga.

Bhoke huenda kisimani na mtoto mgongoni kila siku, hata jua likiwa kali, hata ndoo zikiwa mbili. Hajawahi kumwacha kwangu hata kwa muda wa kukoka moto. Leo alitoka na ndoo, akasimama. Akamfungua mgongoni, akaja akamweka mikononi mwangu, akanirekebisha mkono wa kushoto ili kichwa kisilegee.

Nilimwangalia akienda, anapita nyumba ya balozi, anapita ya pili, anapita ya tatu. Nilikuwa namngoja ageuke kutazama kama bado nimemshika vizuri. Hakugeuka.