Kifundo cha Farasi Kipanga

Hospitali ya Misheni,
Kyela.
Juni, 1956

Dada yangu mpendwa Anyisile,

Ugonile, dada? Naomba barua hii ikukute umeanza kupata usingizi na walau hamu ya chakula kidogo, maana najua msiba hauachi mtu na nguvu. Mama anakusalimu sana. Kikohozi chake kimepungua, ila magoti bado yanamsumbua akiinama. Mpunga umeiva, na mvua ya mwisho imeulaza mahali pengi.

Barua yako nimeipata kwa wale kina mama wauza vyungu waliokuwa huko kwenu Karonga. Nimeisoma mara nyingi. Unauliza kwa nini mimi, ndugu yako wa tumbo moja, sijavuka mto Songwe kuja kukuchukua tangu shemeji Enoki azikwe, ilhali ndugu zake wanakubana uingie nyumba ya mdogo wake. Umesema huenda naona haya urudi nyumbani bila mtoto. Neno hilo limenichoma. Nakuomba usome mpaka mwisho, ndipo unihukumu.

Nilikwisha kukuandikia kwamba nimepata kazi kwa bwana mifugo pale Ipinda. Gari lake lilikuwa linazama kwenye tope kila masika, akaamua kununua farasi kutoka nyanda za juu, wa rangi ya kahawia. Alikuwa na jina la Kizungu, mimi nikamwita Kipanga. Wazee walikuja kumtazama, wakauliza huyu ni ng'ombe gani asiye na pembe wala maziwa. Lakini mimi nilimpenda, dada. Asubuhi akisikia tu nakohoa njiani, alianza kulia kabla sijafungua mlango wa banda.

Masika ya mwaka jana tulikuwa tunatoka Ikolo kuchanja ng'ombe. Kipanga akatumbukiza mguu wa mbele katika shimo kwenye tuta la shamba la mpunga. Kile kifundo kilicho juu kidogo ya ukwato kikateguka. Tulimpumzisha, tukamkanda kwa maji ya moto, lakini kifundo kilizidi kuvimba, na kila akikanyaga alitetemeka mwili mzima. Mzungu mwenzake aliyepita hapo akasema dawa ya farasi wa namna hiyo ni risasi. Bwana akakataa. Nadhani naye alimpenda.

Akamwita daktari wa hospitali hii, wakazungumza sana. Kisha bwana akanieleza kwamba watakifungua kile kifundo, waukwangue ule utelezi unaofunika ncha za mifupa, waikaze mifupa miwili kwa skrubu ili iote pamoja na kuwa mmoja. Nikauliza, je, mguu utakunjika tena? Akasema hapo hautakunjika kamwe, lakini kisichokunjika hakiumi.

Walimlaza kwa dawa juu ya majani makavu. Mimi nilishika kichwa chake, nikimfunika macho. Waliponimulikia niangalie, nikaona mfupa mtupu, mweupe, ukitoa vitone vya damu. Wakashona, wakazungushia bandeji za chokaa mpaka mguu ukawa kama mwamba.

Kazi ngumu ilikuwa kuamka kwake. Farasi hajui kuamka polepole kama mtu. Alirusha miguu, akasimama, akaanguka, akasimama tena. Nilikuwa nimeshika kamba, sikuiachia.

Baada ya hapo alisimama bandani miezi mingi. Hakuruhusiwa kutoka. Nilimkatia majani, nikambadilishia matandiko, nikaimba nyimbo za kanisani ili asichoke. Bandeji zilipokatwa, bwana alikishika kifundo, akakibonyeza huku na huku, akacheka kama mtoto. Kilikuwa kimeungana. Kipanga akakanyaga bila kutetemeka. Siku ile tulichinja kuku.

Furaha ile haikudumu. Mguu wa pili wa mbele, ule mzima, ndio uliokuwa umebeba uzito wote miezi ile. Nikaugusa ukwato nikakuta una moto. Bwana alipiga magoti kuutazama. Alisema mfupa wa ndani umeachana na ukwato na unazama, na kwamba hilo halina mkasi wala skrubu. Mwisho Kipanga akalala, akakataa kuinuka. Bwana alichukua bunduki, akaingia bandani, akatoka nayo vilevile. Akaingia tena. Tulimzika karibu na mto. Watu walitaka nyama, bwana akakataa, wakaenda wakinung'unika.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Dada, siku ile Kipanga alipokuwa anazinduka, aliniangukia. Mguu wake wenye chokaa ulitua juu ya kifundo changu cha kulia. Sikumwambia mtu ukweli. Nilifunga majani, nikamwambia Mama nimeteguka tu, nikaendelea kuchechemea bandani, maana ningelala, nani angemtunza? Mifupa ilivunjika ndani ikasagana vibaya. Tangu Pasaka siwezi kukanyaga. Ndiyo maana sikuja Karonga. Barua hii naiandika nikiwa kitandani, na wiki ijayo daktari yuleyule atanifanyia mimi kile alichomfanyia Kipanga.

Naogopa. Nilimwuliza daktari, na mguu wa pili je? Akaketi kitandani kwangu, akasema, "Ambrose, farasi hawezi kulala miezi mitatu. Wewe unaweza. Ukikubali kulala, utapona."

Lakini nikilala mimi, nani atasimama? Mama hawezi kuinama kukata mpunga. Na hata nikipona, kifundo kisichokunjika hakichuchumai, hakipandi mti, hakitembei vizuri kwenye tope. Usiku nawaza hayo hadi majogoo.

Kwa hiyo, dada, mimi sikuiti uje kuhifadhiwa. Nakuomba uje kwa sababu tunakuhitaji. Mchungaji Hezroni atawaandikia wakwe zako kwamba mjane Mkristo halazimishwi kurithiwa. Asajile, mtoto wa baba mdogo, atakungoja upande wetu wa Songwe kwenye kivuko, siku ya soko. Nimemwambia asirudi bila wewe. Mama amekwisha kupaka udongo kile chumba chako cha zamani, kwa mikono yake mwenyewe, na magoti yale.

Wasalimie waliokutendea wema hapo, hasa Elizabeth aliyekupikia wakati wa matanga. Mama anasema uje na mundu wako, ya hapa yote ni butu. Ndaga fijo kwa kunivumilia.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye,
Ambrose