Ndoto Zile Zilikuwa za Kidonge

Likasi, Kikula

Mudogo wangu Numbi,

Jambo sana huko Kongolo. Mgongo wa mama unasemaje? Na nguruwe wa jirani, wameiacha mihogo yenu? Minye niko muzima, kila asubuhi napanda taxi-bus kwenda kuchimba madini Kamatanda, narudi na vumbi masikioni. Lakini roho haitulii. Barua hii usimsomee mama, maana weye peke yako unajua kama namezaka vidonge vya virusi vya ukimwi.

Unakumbuka nilivyokuwa: kichwa kizito, nasahau hata majina ya watoto wangu, na ndoto kali kama mambo ya kweli. Siku moja niliota shimo linaanguka, nikasimulia kanisani. Wiki ile ile udongo ukaanguka, ukaponda baiskeli ya muntu. Basi! Wakaanza kuniita nabii. Wamama wananingoja mlangoni: "Papa, umeniotea nini?" Na minye, mjinga, nikapenda.

Juzijuzi muuguzi alinibadilishia dawa. Kichwa kimefunguka, majina yote yamerudi. Lakini ndoto hakuna, hata ya kuku. Nikamwambia muuguzi Mungu ameniacha. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Ah papa! Ile dawa ya zamani njo ilikuwa inakulotesha ndoto zile. Si weye peke yako."

Hapo nilikukumbuka weye, Numbi. Nilipoota yule fundi cherehani wako anakushonea sanda, nilikupigia simu palepale: usiolewe naye. Baba hayuko tena, neno langu likawa la mwisho. Ulilia, ukakubali, ukamrudishia kitambaa cha harusi.

Kanisani wanangoja nabii wao, na wangoje. Kwako siwezi kunyamaza. Kwa simu niliogopa. Barua hii nimeichana mara tatu. Sijui kama fundi bado yuko peke yake ama amekwisha kuoa, na hilo linanizungusha nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Nisalimie mama, na shangazi anayenitumia samaki wakavu, na mjomba wetu wa kwaya. Halafu pita kwenye cherehani ya fundi, mwambie kwamba yaya, kaka yako mkubwa, alikosea, haikuwa sauti ya Mungu. Na kama angali na kile kitambaa, kipokee.

Yaya wako anayekuomba msamaha,
Ilunga