Drasena Nne Chini ya Mparachichi

Lubumbashi, tarehe 14 Machi 2002

Mwanangu Archange,

Pokea salamu zangu, na umpe Baba yako zake kabla hujaendelea kusoma, maana najua amesimama nyuma yako anachungulia. Huku tuko salama. Dada yako Jeannette ni mzima, na mtoto wake Nuru sasa ana miaka mitatu na nusu, kazi yake ni kunivuta nywele. Mimi ni magoti tu. Nyinyi je, mnalala? Mnakula?

Nilikuja kumsaidia dada yako kujifungua, kwa majuma sita. Sasa tunaingia mwaka wa nne na gari la moshi halipiti. Karatasi hii inabebwa na watu wa msaada, na kila mkono inaopitia unaisoma, ndiyo maana wametuambia tuandike habari za familia peke yake. Basi nitaandika habari za maua. Nani atakamatwa kwa ajili ya begonia?

Huku jirani amepanda drasena mbili mlangoni, kwa urembo. Juma la kwanza nilipotumwa kwake nilizunguka nyumba nikaingilia jikoni. Kwetu kijijini Tunda mmea ule una mahali pamoja tu: miche minne, miwili kichwani na miwili miguuni mwa aliyelala chini ya udongo. Jeannette alinicheka mpaka akakaa.

Sikiliza. Begonia zangu ziko chini ya mparachichi, karibu na benchi la Baba yako. Zisitolewe kivulini. Maji asubuhi, kwenye udongo, si kwenye majani. Mwambie Baba yako asimwage hapo maji yake ya kunyolea. Alikuwa anadhani sioni. Na bugenvilia ya uzio isiguswe mpaka nirudi. Niliipanda nikiwa na mimba yako. Mwambie hivyo hivyo, kwamba nimesema isiguswe.

Halafu uniandikie kiwanja chote, kona kwa kona, nini kiko wapi. Nikikaa peke yangu huwa nakitembelea kichwani, na nimeanza kupotea.

Mama yako,
Misenga


Kindu, tarehe 2 Juni 2002

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe, dada Jeannette, shemeji na Nuru. Barua yako imefika imefunguliwa, lakini maneno yote yamo. Sisi ni wazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi. Mimi bado niko ofisini, kwenye mashine ya kuandika. Nafanya ninachoambiwa, narudi nyumbani jua likiwa bado juu.

Nilimsomea Baba barua yako akiwa kwenye benchi lake la mataruma ya reli. Nilipofika kwenye maji ya kunyolea alisema, "Huyu mwanamuke iko na macho mpaka Lubumbashi." Akafikiri kidogo. "Muandikie, maji ya sabuni njo inauwa dudu. Mimi njo munganga wa maua yake." Nilipofika kwenye bugenvilia hakutania. Aliinuka, akaenda kuishika, akasema, "Sawa. Haitaguswa."

Nakueleza hili kwa sababu hapa mtaani kwetu Mikelenge limetoka agizo la usafi: uzio wote wa mimea upunguzwe ufike kiunoni, barabara ionekane. Nililipiga chapa mimi mwenyewe, nakala kumi na mbili. Nimemwomba Baba tupunguze hata kidogo. Anasema amekwisha kukupa neno lake. Jana nimemwomba tena, akaniuliza kama mimi ni mutoto wake ao ni mutoto wa ofisi.

Usiwe na wasiwasi. Ni mambo ya usafi tu.

Kiwanja nitakuandikia mara ijayo. Nataka kwanza nihesabu, nisikosee.

Mwanao,
Archange


Lubumbashi, tarehe 25 Agosti 2002

Archange mwanangu,

Natumaini karatasi hii inawakuta mkiwa wawili, mezani, mnagombania kipande cha samaki. Sisi tunaendelea. Baridi ya Juni na Julai imepita, lakini imeniachia kikohozi.

Imeniachia na hasara nyingine. Nilikuwa nimepata mizizi ya kaladiamu, yale majani mapana yenye madoa mekundu, nikaipanda kama tunavyopanda kwetu, nikasahau. Kwetu nani anaikumbuka? Mvua inaikumbuka. Huku ilipofika Juni yalilala yote, kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Nililia, Archange, mtu mzima, kwa ajili ya majani. Jirani, Mama Bitota, akaniambia, "Dada, huku mmea hauachwi nje kama mbuzi. Unachimba mizizi, unaikausha, unaitunza kwenye maranda mpaka mvua ya Novemba." Sasa najifunza. Ni kitu kigumu kujifunza upya kazi uliyoijua tangu utoto.

Kuhusu uzio: nimesoma uliyoandika, na nimesoma pia usiyoandika. Mwambie Baba yako nimemrudishia neno lake. Akate. Akate hata leo. Bugenvilia ikikatwa mpaka chini huota tena.

Na umwambie aniandikie mstari mmoja kwa mkono wake. Nimechoka kuona mwandiko wako ulionyooka. Nataka ule wake unaolala kama behewa lililotoka relini.

Mama yako


Kindu, tarehe 20 Novemba 2002

Mama mpendwa,

Nakusalimu na nakuombea kikohozi kipone. Barua yako ya Agosti imefika tarehe 12 mwezi huu. Samahani kwa ukimya. Kutoka mjini ilikuwa vigumu, na kwa majuma kadhaa barua hazikupokelewa.

Sisi ni wazima. Baba anakusalimia sana. Mkono wake wa kulia unamuuma, hawezi kushika kalamu, ndiyo maana unauona tena mwandiko wangu. Uzio umekwisha kukatwa, umefika kiunoni.

Kiwanja chako ni hiki, nimekihesabu Jumapili.

Ukiingia langoni, kushoto kuna miwaridi mitatu, mmoja umekauka. Nyuma ya jiko kuna kaladiamu kumi na moja; mvua imezipendelea, zinanifika magotini. Mchaichai upo penye bomba la maji ya paa. Chini ya mparachichi, upande wa nyumba, begonia ni saba. Moja ina majani yenye madoa ya kahawia, nafikiri jua linaifikia sasa kwa kuwa uzio umeshuka, nimeiwekea kipande cha mkeka. Upande wa pili wa mti, palipokuwa na benchi, kuna drasena nne. Kuelekea kwa jirani kuna muhogo, siyo wako, niliupanda kwa ajili ya chakula.

Nimekagua mara mbili. Hakuna kilichosahauliwa.

Mwanao,
Archange


Lubumbashi, tarehe 30 Januari 2003

Mwanangu,

Nakusalimu peke yako.

Nimeisoma orodha yako, nikatembea nayo toka langoni, kushoto, nyuma ya jiko, mpaka chini ya mparachichi. Pale nilisimama. Jeannette aliniuliza kuna nini, nikamwambia begonia moja ina madoa.

Hukunidanganya katika orodha. Wewe hujui kuandika orodha ya uongo. Ulidanganya kwenye salamu tu, na salamu nimekusamehe. Usiniletee tena za Baba yako, nimezipokea zote.

Drasena hazitaki maji mengi. Naijua hofu yako, utazimwagilia kila siku, zitaoza chini. Mara moja kwa juma kama mvua haipo. Zikiwa ndefu sana kata juu, zitachipua pembeni. Kivuli cha mparachichi kinazitosha.

Naomba vitu viwili. Uniandikie tarehe, nijue siku ya kuwasha mshumaa. Na uniandikie ilikuwaje. Niandikie yote, mimi si mtoto.

Ule vizuri. Nani anakupikia sasa?

Mama yako


Kindu, tarehe 4 Aprili 2003

Mama,

Pole, na unisamehe. Ilikuwa tarehe 9 Oktoba. Ilikuwa homa. Makaburini hapakuwa na njia, ndiyo maana yuko nyumbani.

Napika mwenyewe.

Archange


Kindu, tarehe 6 Oktoba 2025

Mama yangu,

Nakuamkia kwa karatasi baada ya miaka ishirini na miwili. Usishtuke, hakuna aliyekufa. Mke wangu na watoto ni wazima, na mimi ni mzima, isipokuwa macho. Jana Jumapili tulisalimiana kwa simu kama kila Jumapili, nikakuuliza magoti, ukaniuliza mvua, nikakata. Kila mara nakata. Sasa Michel wa stesheni anakuja huko, nimempa bahasha hii na nimeigundisha. Hakuna atakayeisoma kabla yako.

Baba hakufa kwa homa.

Baada ya lile agizo la uzio, wakati wa vita, shefu wangu wa ofisini aliniita. Alikuwa anaitwa Jules. Alinipa kalamu na karatasi akasema, "Pita kila barabara, uandike kila kiwanja ambacho uzio wake haujapunguzwa. Vyote, mdogo wangu. Nikikuta umeacha kimoja, hapo ndipo utalala wewe." Nilipita siku mbili. Niliandika viwanja thelathini na nane. Barabara yetu niliiacha iwe ya mwisho. Nilisimama mbele ya lango letu, Baba akiwa kwenye benchi, akanipungia mkono kwa sababu alidhani nimerudi mapema. Nikaandika namba yetu. Ya thelathini na tisa.

Nimejieleza mambo mengi tangu siku ile. Kwamba wangekagua na kuona. Kwamba wananijua, wangetuonya tu. Ukweli ni kwamba niliogopa, na tena, Mama, sikuweza kuacha nafasi katika orodha. Mkono uliandika kabla yangu.

Askari walikuja tarehe 6 asubuhi nikiwa ofisini. Nilisikia watu wakisema wako barabara yetu, nikaendelea kupiga chapa mpaka mwisho wa ukurasa. Nilipofika, uzio ulikuwa chini na Baba yuko juu ya maua, amepigwa. Aliishi siku tatu. Hakujua kuhusu orodha. Aliniambia, "Wewe usiogope, hawajakukuta." Tulimzika na majirani wawili. Barua yako ya kumrudishia neno lake ilifika zaidi ya mwezi mmoja baadaye.

Drasena nilizipanda mimi. Sijui mpaka leo kama nilipokuandikia orodha ya kiwanja nilisahau maana yake kwako, au nilitaka ujue bila mimi kusema.

Bugenvilia iliota tena kama ulivyosema. Sijawahi kuigusa. Imepanda mpaka juu ya paa la jiko, imefunika lango, tunapita upande wa jirani. Watoto wangu wanauliza kwa nini nyumba yetu ina giza mchana.

Kila mwaka nakuomba uje, na kila mwaka unasema magoti. Nimeanza kufikiri kwamba unajua na hutaki kuuona uso wangu. Kama ni hivyo, usijibu. Nitaelewa.

Mwanao,
Archange


Lubumbashi, tarehe 2 Novemba 2025

Archange mwanangu,

Anayeshika kalamu ni Nuru, yule wa kuvuta nywele. Vidole vyangu vimekataa. Nimemwambia asirekebishe neno. Salamu kwako, kwa mkeo na kwa wajukuu wangu nisiowajua kwa sura.

Michel alileta barua yako Jumatatu. Nimesomewa mara moja, nikasema inatosha, halafu nikaomba tena.

Nilijua kwamba si homa. Mwaka 2004 alipita hapa Zuberi, aliyefanya kazi na Baba yako relini. Alikunywa chai, akasema, "Mama, muzee alisimama mbele ya uzio. Aliwaambia bibi yangu alikataza." Hayo tu. Hakujua mambo ya orodha. Aliondoka, mimi nikabaki na neno lile: bibi yangu alikataza. Bibi huyo ni mimi, mke wake, na nilikuwa nimekataza kwa ajili ya maua.

Nilidhani uliniandikia homa ili kunificha mimi kosa langu. Nikasema, mtoto huyu ana huruma kuliko mimi, acha nisimsumbue. Kila ukiniita nilisema magoti. Magoti yalikuwa yanaweza, Archange. Sikutaka kufika mbele ya ule uzio. Sasa ni kweli hayawezi, na sitakuja.

Kumbe wewe huko ulikuwa umekaa na lako, mimi huku na langu, na kila Jumapili tunaulizana mvua.

Mambo ya kusamehe sitayaweka kwenye karatasi. Jumapili ukiisha kuipata karatasi hii, usikate simu. Nikinyamaza, subiri.

Lakini kazi nakupa leo. Kata bugenvilia. Usianze na panga. Anza na begonia. Kwa kivuli hicho cha miaka yote majani yake yamekuwa laini, jua la ghafla litayaunguza. Zichimbe na udongo wake, zipeleke nyuma ya jiko, uzimwagilie. Uzio ukate kidogo kidogo, juma hili juu, juma lijalo pembeni, mpaka ufike kiunoni. Drasena usiziguse. Benchi, kama mbao bado zipo, liweke upande wa nyumba, watoto wakae.

Ukimaliza niandikie orodha. Toka langoni. Andika kila kitu, kama unavyoandika wewe, usiache nafasi.

Mama yako,
Misenga