Jina Moja Kutoka Kila Shina

Temeke Mikoroshoni,
26 Novemba 1978

Mwanangu Romani,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, Mungu akupe afya. Sisi huku ni wazima. Mgongo wangu unasumbua kama ulivyouacha. Mama yako hajambo, ila hasemi nami. Anapika, ananiwekea chakula, halafu anakwenda kukaa kwa jirani mpaka nimalize kula.

Najua na wewe umenikasirikia. Siku lori lilipowachukua pale ofisi ya tawi nilikunyooshea mkono, ukageukia upande wa pili. Sikulaumu. Lakini nataka ulisikie jambo hili kwangu, usije ukalisikia kwa watu likiwa limegeuzwa.

Tawi lilitaka jina la mgambo mmoja kutoka kila shina. Katika nyumba zetu kumi waliomaliza mafunzo mlikuwa wawili tu, wewe na Marselino wa mama Felicitas. Felicitas ni mjane, hana mtoto mwingine, na Tekla, mke wa Marselino, ana mimba. Felicitas alikuja asubuhi kabla sijanywa chai, akapiga magoti mlangoni. Akasema, "Balozi, nakuomba."

Nikaandika jina lako. Ningewezaje kuandika la mwanawe na kulificha la wangu, halafu nikawaitisha watu hao hao kuwaambia habari za wajibu wa raia? Mimi nilipelekwa vitani Bama na Keya, jeshi la Mwingereza, nikiwa mdogo kuliko wewe, nikapigania ufalme wa watu wengine. Safari hii nchi iliyovamiwa ni yetu. Lakini sikukuuliza wewe. Hilo ndilo kosa langu, nalo nalijua.

Niandikie, hata mstari mmoja.

Ni mimi baba yako,
Polikarpo


Temeke Mikoroshoni,
7 Januari 1979

Mwanangu Romani,

Heri ya mwaka mpya. Nakuombea uwe mzima. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu.

Sijapata barua yako. Nimejiambia labda njia ni mbovu.

Huku magari mengi yamechukuliwa kupeleka askari na vyakula, basi watu wanakwenda kazini kwa miguu, kutoka hapa mpaka mjini, wala husikii manung'uniko mengi. Sukari haionekani, sabuni ndiyo usiseme. Mama Felicitas ameacha kupika maandazi, unga hakuna. Hata hivyo nilipopita kukusanya mchango wa vita kila nyumba imetoa kitu. Bi Mwanakombo alitoa jogoo wake yule mkali. Alimfunga miguu mwenyewe, akamkabidhi kwangu huku analia na kucheka.

Sasa nikwambie habari nzito. Marselino amekwenda. Hakuna aliyemwita. Wiki iliyopita lilipita tangazo la kundi la pili, akatoka kazini bandarini akaenda moja kwa moja kujiandikisha. Mama yake alikuja kwangu. "Balozi, mzuie." Nikaenda tawini, nikaambiwa anayejitolea hazuiwi. Nilirudi kumwambia nikamkuta amekwisha kaa chini barazani, amejua.

Ukimwona huko, mtazame kama ndugu yako.

Baba yako,
Polikarpo


Mahali nisiporuhusiwa kupataja,
30 Januari 1979

Shikamoo baba,

Na mama mpe shikamoo yangu. Mimi ni mzima, miguu tu imevimba kwa matope. Mvua huku haijui msimu.

Barua zako zote mbili nilizipata. Ya kwanza niliikunja nikaitia mfukoni bila kujibu kwa sababu sikuwa na neno jema la kuandika. Nilikuwa nakuwazia, baba, kila tulipopewa amri ya kuchimba handaki. Nilisema moyoni, mzee amenitoa kwenye karakana ya Keko, nikiwa na meza za watu sijazimaliza, ili yeye aonekane balozi mzuri.

Halafu tukaingia vijiji ambavyo adui alikuwa amevihama. Nyumba zimebaki kuta. Ng'ombe wamechukuliwa, hata milango. Tulimkuta bibi mmoja kwenye shamba lake la migomba, yote imefyekwa. Akatuuliza tumetoka wapi. Tukasema Dar es Salaam. Akasema, "Mbali hivyo? Na mmekuja kwa ajili yangu?" Tangu siku ile hasira imenipungua. Sisemi imekwisha.

Marselino amefika, tena tumepangwa kombania moja. Nilimgombeza kama mtoto. Nikamwuliza, "Wewe kilichokuleta nini, na mkeo yuko vile?" Akanijibu kwamba kila alipokwenda bombani kuchota maji watu walikuwa wanamsalimia vizuri mno. Hakuna aliyemsema. Wanamsalimia, wanampisha kwenye foleni. Akaona hawezi tena.

Tunalala blanketi moja. Anakoroma.

Mwambie mama asikuache ule peke yako.

Mwanao,
Romani


Temeke Mikoroshoni,
25 Februari 1979

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia nikiwa na afya, na baada ya kuisoma nikawa na afya zaidi. Nilimsomea mama yako mara tatu. Nilipofika pale ulipomtaja alisimama, akaleta sahani yake, akaketi mbele yangu. Akala nami.

Mpe Marselino habari hii haraka. Tekla amejifungua salama tarehe 19, mtoto wa kike. Wamemwita Bernadeta. Ana nywele nyingi na kilio cha kuamsha mtaa. Bibi yake hambandui mgongoni. Amesema nikuandikie kwamba mtoto ana masikio ya baba yake, yametokeza vile vile, na kwamba mwanawe akirudi hatamgombeza, arudi tu.

Tunakula unga wa njano siku hizi. Watoto waliukataa mwanzoni, sasa wanaumaliza. Tukipanga foleni dukani kuna mtu huwa anasema, "Wenzetu wako porini," basi kelele zinatulia.

Baba yako mwenye furaha,
Polikarpo


20 Machi 1979

Shikamoo baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Anakuletea mkononi rafiki yangu Anselmo, aliyejeruhiwa mguu, anarudishwa huko kwa matibabu. Tafadhali mpe maji, umpe na kiti, uisome barua akiwa bado yupo, ili ukiwa na swali akujibu.

Baba, Marselino amefariki. Ni tarehe 9 mwezi huu, saa saba mchana. Hatukuwa tunapigana. Tulikuwa tumekaa kando ya njia tangu asubuhi tukingoja magari ya chakula. Aliona mkungu wa ndizi umeiva hatua kama ishirini kutoka tulipokuwa. Akasema, "Nawaletea." Nilimwambia, "Kaa chini." Akacheka akaenda. Lilikuwa bomu la kutega ardhini. Nilifika wa kwanza. Hakuteseka, na hilo nakuambia kweli, silisemi kwa kukufariji. Tulimzika siku ile ile chini ya mti wenye kivuli, na kamanda wetu ameiandika sehemu hiyo.

Barua yako ya mtoto nimeipata jana. Hakujua kwamba ni msichana.

Tumekatazwa kupeleka habari za vifo nyumbani kabla jeshi halijamwarifu mwenye mtu. Mimi nimevunja amri kwa sababu sikuweza kubaki na neno hili peke yangu. Usimwambie mama Felicitas mpaka waje wenyewe. Nisamehe kwa kukutwika.

Mwanao,
Romani


Temeke Mikoroshoni,
22 Aprili 1979

Mwanangu Romani,

Nakusalimu. Mwili wangu mzima, mengine siwezi kusema hivyo.

Niliweka siri yako wiki mbili na zaidi. Kila siku Felicitas alipita hapa. "Balozi, kuna barua?" Nikasema hakuna. Nikaanza kupita njia ya nyuma nikitoka kwa Bi Mwanakombo, ili nisipite mlangoni pa Felicitas. Mama yako alitambua. Alianza tu kumpelekea Tekla uji kila asubuhi.

Tarehe 11 redio ikatangaza kwamba Kampala imeanguka. Mtaa mzima ulitoka nje. Watu walipiga masufuria, vigelegele, wazee waliimba. Felicitas alikuja mbio na Bernadeta mgongoni, akanishika mkono mbele ya watu wote. "Balozi, vita imekwisha! Wanarudi! Cheza!" Watu wakapiga makofi, balozi acheze, balozi acheze.

Nikacheza, mwanangu. Nilicheza na mama wa marehemu huku nikijua.

Sikupata usingizi. Jua lilipotoka nilikwenda kwake. Alikuwa anafua nepi. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitashindwa. Hakulia. Alizikamua nepi zote, akazianika, ndipo akanigeukia.

"Jana ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukacheza."

"Nilicheza."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nilisikia kilio cha Tekla, cha kwake sikukisikia. Sijui nilikosea kumficha au nilikosea kumwambia. Naona nimekosea yote mawili.

Baba yako,
Polikarpo


Uganda,
15 Julai 1979

Shikamoo baba, shikamoo mama,

Mimi mzima. Vita imekwisha lakini kazi ya ulinzi bado. Tumeambiwa sisi mgambo tutaanza kurudishwa mwezi wa tisa.

Baba, ulifanya vema kumwambia. Lawama niachie mimi niliyekufunga mdomo.

Nina ombi. Nasikia huko wanapokewa kwa ngoma na maua. Mimi nisipigiwe ngoma mtaani petu. Nitashuka kwenye gari, nitakwenda kwanza kwa mama Felicitas, nikae naye kadiri atakavyotaka. Akinifukuza, nitakuja nyumbani.

Mwanao,
Romani


Temeke Mikoroshoni,
26 Agosti 1979

Mwanangu Romani,

Salamu nyingi. Mama yako anakusalimu, na sasa tunasemezana, hata kugombana tunagombana. Anapiga deki chumba chako kila siku.

Ombi lako nimelifikisha. Felicitas alisikiliza, akasema, "Aje." Hakuna ngoma itakayopigwa. Barua ya jeshi ilimfikia mwezi wa tano. Anaihifadhi pamoja na cheti cha ubatizo cha mwanawe.

Jumapili iliyopita niliitisha mkutano wa shina. Kutoka juu tumeambiwa nchi imeishiwa, tujifunge mikanda miezi kumi na minane. Nikayasema nilivyoagizwa. Watu walikuwa wamekonda wote. Felicitas akanyoosha mkono.

"Miezi kumi na minane, halafu?"

Nilitafuta jibu, mwanangu, nikiwa mzee wa miaka karibu sitini. Nikawaambia sijui. Kisha nikasema kwamba ubalozi umenishinda, wachague mwingine. Wakaanza kunibembeleza, kwamba hakuna mtu aliyeitumikia kazi hii kama mimi, kwamba nilimtoa mwanangu mwenyewe.

Felicitas akasema, "Niandikeni mimi."

Wengine walidhani huzuni imemchanganya. Tekla alimvuta kanga akae. Akabaki amesimama. Nikamwuliza, "Mama, unaitaka kazi hii kweli?"

Akasema, "Siitaki. Lakini ipo siku watakuja tena kutaka jina. Watakuja kwangu. Watakaa, wataniambia wanamtaka nani na kwa nini, nami nitakwenda kumwuliza mwenyewe kabla sijaandika. Nchi ikivamiwa, watu watakwenda. Nawajua, watakwenda. Ila wataulizwa."

Mikono yote ilinyooshwa. Wangu ulitangulia.

Leo asubuhi Felicitas amepita kwetu akiandikisha upya watu wa shina, nyumba moja baada ya nyingine, kama ilivyo desturi. Mama yako akamtajia majina matatu. Alipofika kwako aliinua kalamu, akatuuliza kama tuna hakika unarudi. Tukasema tuna hakika. Akasema hataandika mpaka akuone kwa macho yake.

Basi uje, mwanangu.

Ni mimi baba yako,
Polikarpo