Alasiri Bila Miraa

Mpendwa Mama Mwende,

Nimeacha miraa. Laiti ningekuambia ukiwa hai, si sasa ukiwa kaburini kwenu Mwingi.

Unakumbuka tulipohamishiwa hapa Garissa? Ulikuwa ukinyunyizia mapazia maji ili nyumba ipoe, kisha tunakunywa chai nikitoka shuleni, ukinicheka kwa kusahihisha hata barua za mama yako. Baadaye nikapata marafiki wa kibarazani, na kila alasiri shavu langu likawa limevimba miraa. Siku uliposhikwa na malaria ulimtuma jirani aniite. Nikasema, "Mwambie naja." Kwanza nikamaliza fungu langu. Nilipofika hospitalini walikokuwa wamekupeleka, hukunitambua tena. Hilo linaniuma hadi leo.

Mvua ya tisini na saba ilipokata barabara, miraa haikufika mjini siku nyingi. Nilitetemeka, nikawagombeza hata kuku. Barabara ilipofunguka sikurudi kibarazani, lakini kila niliyemjua alikuwa huko. Nilijiandaa kwa hamu ya miraa, si kwa upweke. Alasiri nilizunguka soko peke yangu, sina wa kumsalimia.

Sahara, yule mama wa maziwa ya ngamia uliyempenda, akaniona.

"Mwalimu, wewe nazunguka bekee yako kwa nini? Kuja chunga hii maziwa, mimi naenda swali. Wewe Mkristo, hapana haraka."

Nikakaa. Kesho yake wenzake nao wakaniachia madumu yao. Siku hizi adhana ya alasiri ikilia, saa ile ile hamu inaponikaba, mimi ndiye mlinzi wa maziwa ya soko zima. Wakirudi wananitania kwamba nimeyanywa. Nacheka nao, halafu narudi nyumbani nalia.

Juzi mama yako alimleta Mwende wetu, ambaye amekaa naye tangu tukuzike. Mama yako aliniangalia mashavu kabla ya kuniangalia machoni. Akauliza kama naweza kumlea mtoto bila kumsahau. Nikasema nitamlea, na alasiri tutakaa wote sokoni.

Mwende alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake. Ana miaka sita, ana paji lako la uso.

"Habari yako, mwalimu," akasema.

Nilitaka kumwambia aniite baba. Sikuthubutu. Nikamjibu, "Nzuri," nikampokea mfuko.

Pumzika, mke wangu. Nisamehe ukiweza.

Mumeo,
Baba Mwende