Kahawa ya Ma Paulina wa Nshamba

Mdogo wangu Yustina,

Mmeamkaje huko Buhembe? Mwalimu anayeniandikia anasema kadi ni ndogo nipunguze maneno. Haya. Kwaya yetu tumegawanywa nyumba za watu hapa Nshamba. Mimi nipo kwa Ma Paulina, mjane, pamoja na Verediana, yule binti wa Ruanda mwenye sauti nyembamba. Tumefika tumelowa, mvua ya huku we acha! Ma Paulina akatuletea akamwani, kahawa ya kutafuna, unajua mgeni anavyopokelewa. Binti hajui mila zetu, akatafuna kidogo akatema chini. Eti chungu!

Ma Paulina akakaa kwenye nyasi za sakafuni. Akasema, “Mwanangu naye aliikataa, asubuhi anaondoka kwenda vita ya Wazungu huko Bama. Akaniambia, ‘Mae, nimechelewa, nitatafuna nikirudi.’ Hakurudi.”

Nilitaka kumfinya yule binti, lakini nikamweleza tu kwamba kwetu anayekataa kahawa ameikataa nyumba. Verediana akapiga magoti, akakinga mikono yote miwili. “Mama, nipe nyingine.” Akatafuna, machozi yanamtoka kwa uchungu, hakutema hata ganda. Ma Paulina alimtazama mdomo mpaka akamaliza, ndipo akalia. Majirani wanasema tangu habari ya kifo cha mwanawe ije alikuwa hajawahi kulia.

Mungu awalinde wote. Na mwanao Petro akiondoka kwenda Kampala, hata akisema gari linamwacha, mshike mkono mpaka atafune.

Dada yako akupendaye,
Anastazia